Mgeni Kutoka Nje Anapokuja Lubumbashi: Karatasi Ambazo Mwenyeji Anapaswa Kuzianza Mapema

Katika familia nyingi za Lubumbashi, mgeni anayehitaji viza ya kuingia Kongo ni mtu wa karibu kabisa. Ni mtoto wa dada aliyezaliwa Liège ambaye hajawahi kuliona kaburi la babu yake. Ni mkwe anayekuja kujitambulisha kwa wazee. Ni daktari aliyealikwa na parokia kwa majuma mawili. Wenyeji wake huanza mapema kufikiria chumba, godoro na kuku wa siku ya kwanza, lakini wengi hawajui kwamba nusu ya viza hiyo imo mikononi mwao wenyewe, kwa kuwa ubalozi hautazami pasipoti ya mgeni peke yake: hutazama pia ni nani anayemwita, anakaa wapi, na kama kweli anaweza kumtunza. Kwa hiyo maelezo haya yanamhusu kwanza mwenyeji aliye hapa mjini, na yanafuata safari ya karatasi tangu mezani kwake hadi siku mgeni anapopanda ndege ya kurudi.

Jambo moja litangulie yote: mgeni asilipie tiketi isiyorudishwa pesa kabla hajaishika viza mkononi. Ubalozi ukimwomba uthibitisho wa safari, aulize kama nafasi iliyohifadhiwa tu inatosha. Nimeona familia zikichanga kwa shida nauli ya ndege, kisha zikaipoteza yote kwa sababu tarehe ya safari ilifika kabla ya viza.

Je, huyo ni mgeni kisheria?

Swali hili huwaudhi watu, nami ninawaelewa, lakini ndilo linalokosewa zaidi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara yake ya 10, inasema kwamba uraia wa Kongo ni mmoja tu na hauwezi kushikwa pamoja na uraia mwingine wowote. Nayo sheria namba 04/024 ya tarehe 12 Novemba 2004 inaeleza kwamba Mkongomani anayechukua uraia wa nchi nyingine hupoteza ule wa Kongo. Maana yake ni kwamba yaya wako, yaani kaka au dada yako mkubwa, aliyezaliwa Katuba hapa mjini, akasomea hapa, na ambaye bado anaota kwa Kiswahili chetu, akishapata pasipoti ya Ubelgiji anafika kwenye uwanja wetu wa ndege wa Luano kama Mbelgiji, na Mbelgiji anahitaji viza. Ukoo haupigwi muhuri kwenye pasipoti. Watoto wake waliozaliwa huko, hata wale wachanga, wanahitaji kila mmoja karatasi zake.

Wengine bado wanayo pasipoti ya zamani ya Kongo kabatini na hufikiri kuitumia kuingilia, kisha kutokea kwa ile ya Ulaya. Usimshauri ndugu yako hivyo. Jina la tiketi, muhuri wa kuingia na muhuri wa kutoka vinapaswa kukutana katika pasipoti moja, na vikipishana, maswali yanaanza kwenye dirisha la uhamiaji na yanaweza kumalizika ndege ikiwa imekwisha kuruka. Ni heri ya viza ya halali, hata kama inamuumiza moyo mtu kuomba ruhusa ya kuingia katika mji aliozaliwa.

Kuhusu majirani, wengi husikia kwamba Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 na kwamba tangu zamani imo katika SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wakadhani kwamba viza zimekwisha kwa wote. Uanachama huo peke yake haufuti viza. Kinachoamua ni makubaliano ya nchi na nchi, nayo hubadilika, kwa hiyo mgeni wa Zambia, Tanzania, Kenya au Afrika Kusini aulize kwanza ubalozi wa Kongo ulio Lusaka, Dar es Salaam, Nairobi au Pretoria, hata kama binamu yake aliingia bure mwaka uliopita.

Barua ya mwaliko na ya dhamana

Hapa ndipo kazi ya mwenyeji ilipo, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji asiende mbio. Karatasi yenyewe huitwa prise en charge katika ofisi zetu: ni barua ambayo unamwalika mtu kwa jina lake na kuahidi kwamba utamlaza, utamlisha, na utabeba gharama zake ikibidi, pamoja na zile za kumrudisha kwao. Iandikwe kwa Kifaransa, ambacho ndicho lugha ya serikali. Iseme jina lako kamili, kazi yako na anwani yako yote, yaani namba ya kiwanja, jina la avenue, kartie na komine. Kusema tu “Kampemba, karibu na soko” kunatosha kwa dereva wa teksi, lakini hakumtoshi afisa wa ubalozi anayekaa Brussels. Iseme pia jina la mgeni, tarehe na mahali alipozaliwa, namba ya pasipoti yake, undugu au uhusiano wenu, sababu ya kuja, na siku atakazokaa.

Kuhusu majina, kuna mtego ambao ni wetu peke yetu. Tangu siasa ya authenticité ya Mobutu mwaka 1972, Mkongomani amezoea postnom, jina la asili linaloongezwa baada ya jina la ukoo, na leo majina yake ni ya sehemu tatu: nom (jina la ukoo), postnom na prénom (jina la kwanza). Fomu zetu nyingi zina nafasi ya postnom, na mwandishi wa barua akiiona iko wazi hujisikia kuijaza. Basi jina la pili la Mfaransa linageuka postnom, au jina la baba yake linachukuliwa na kuwekwa pale. Mgeni asiye na postnom asipewe. Nakili majina kama yalivyo kwenye ukurasa wa picha wa pasipoti, herufi kwa herufi, kwa mpangilio uleule, bila kufupisha na bila kurekebisha kile unachofikiri ni kosa. Tarehe nazo ziandikwe kwa jina la mwezi, kwa sababu Mmarekani huanza na mwezi, nasi huanza na siku, na 05/07 inaweza kusomwa kuwa Mei au Julai.

Ninasisitiza hivi kwa kuwa yalinipata. Nilimwita mke wa binamu yangu aje kwenye arusi ya mdogo wetu; ofisi iliyonichapia barua ikaacha herufi moja katika jina lake, nami nikatia sahihi bila kuisoma upya na pasipoti kando. Karatasi zilikwenda hadi ng'ambo, zikarudishwa, tukaanza upya mihuri yote, na alipopata viza, arusi ilikuwa imekwisha kupita. Tangu siku ile, barua ya namna hii kwangu husomwa na watu wawili: mmoja anaisoma kwa sauti, mwingine anafuata kwa kidole kwenye nakala ya pasipoti.

Barua ikiwa safi, unaipeleka kwa notère ili sahihi yako ithibitishwe, na mara nyingi ubalozi hutaka pia ihalalishwe na Wizara ya Mambo ya Nje. Kabla ya kulipia muhuri wowote, mwambie mgeni aulize ubalozi wake: unahitaji mihuri gani, unapokea nakala iliyopigwa skana au unadai barua yenyewe, na barua isizidi umri gani. Balozi hazifanani katika hayo, na dakika kumi za kuuliza huko zinaweza kukuokolea majuma mawili hapa. Ambatanisha nakala ya kitambulisho chako, ambacho kwa wengi wetu ni kadi ya mpiga kura, pamoja na karatasi inayoonyesha kwamba una kipato: hati ya kazi, karatasi ya mshahara au taarifa ya benki. Kama wewe mwenyewe huna kazi yenye karatasi, usijitungie. Mwombe mjomba au shangazi mwenye karatasi awe ndiye mdhamini, nawe utajwe kama ndugu atakayemlaza mgeni.

Sababu ya safari iwe ya kweli. Mtu anayekuja kutembelea familia aseme hivyo. Anayekuja kufanya kazi katika kampuni ya shaba, hata kwa miezi michache, asiingie kwa viza ya matembezi, kwa sababu mgeni hawezi kuajiriwa bila kadi ya kazi ya wageni, ambayo maombi yake hupitia Tume ya Taifa ya Ajira za Wageni, na baadaye anahitaji viza ya kukaa, ile inayoitwa établissement. Hiyo ni kazi ya mwajiri wake, si ya shangazi aliyempokea, na familia isikubali kuandika barua ya matembezi ili kufunika mkataba wa kazi. Siku DGM, yaani idara ya uhamiaji, ikikagua, jina lililo chini ya barua ni lako.

Mgeni akiwa ubalozini

Kwa upande wake, mgeni anahitaji pasipoti itakayodumu angalau miezi sita mbele, yenye kurasa tupu, fomu ya maombi, picha, barua yako na nyongeza zake, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Aombe viza katika nchi anakoishi kihalali. Mtu anayeishi Ubelgiji akiomba viza katika mji mwingine alipokuwa anapita kwa sababu huko ni rahisi zaidi, anaweza kukataliwa hapa mlangoni hata kama viza yenyewe ni halisi, maana uhamiaji wetu hutazama kama ilitolewa na ubalozi wa mahali anakokaa.

Viza inapotoka, aisome kabla ya kuondoka dirishani: jina, namba ya pasipoti, tarehe ya mwisho ya kuingia, siku anazoruhusiwa kukaa, na idadi ya kuingia. Hili la mwisho ni zito kwetu watu wa mpakani. Zambia iko karibu. Mpaka wa Kasumbalesa ni mwendo wa takriban kilomita 90 tu, na wageni wengi hupenda kwenda Ndola au Kitwe siku mbili kuona ndugu au kununua vitu. Mwenye viza ya kuingia mara moja akivuka, viza yake imekwisha pale pale, hata kama kwenye karatasi zinabaki siku ishirini. Kama matembezi hayo yamo katika mipango yenu, aombe tangu mwanzo viza ya kuingia mara nyingi.

Kitabu cha njano

Kila msafiri mwenye umri wa miezi tisa au zaidi anatakiwa kuonyesha cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ndicho hicho kitabu cha njano, na mlangoni cheti hicho kinaweza kuulizwa hata kabla ya pasipoti. Cheti huanza kuwa halali siku ya kumi baada ya sindano, kwa hiyo anayechanjwa Jumatatu ili asafiri Ijumaa amechelewa. Tangu tarehe 11 Julai 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, chanjo hiyo hudumu maisha yote, hata kama cheti kimeandikwa zamani kwamba kitakwisha baada ya miaka kumi. Pakiwa na afisa anayeshikilia hesabu ya miaka kumi, mgeni amweleze kanuni hiyo kwa upole na kuomba msimamizi, asikimbilie kulipa. Mtu ambaye daktari amemkataza chanjo kwa sababu ya afya yake awe na maelezo hayo ndani ya kitabu chenyewe, yenye sahihi na muhuri, na aulize ubalozi mapema kama yatapokelewa.

Luano, Kinshasa au Kasumbalesa

Anayeweza kufika Lubumbashi moja kwa moja kwa ndege kutoka Addis Ababa, Nairobi au Johannesburg afanye hivyo, kwani atamaliza mambo ya kuingia hapa hapa Luano, ambapo unaweza kumsubiri nje ukiwa na nakala ya barua na simu iliyo wazi. Mara nyingine afisa wa DGM humuuliza mgeni namba ya mwenyeji na kupiga papo hapo. Usipojibu, mgeni wako anakaa pembeni. Mwambie aishike anwani yako kwenye karatasi, si kwenye simu iliyozimika.

Anayepitia Kinshasa atagongewa muhuri wa kuingia kwenye uwanja wa ndege wa N'djili, kisha atachukua ndege ya ndani. Ndugu zetu wa Ulaya wengine huitazama ramani haraka na kufikiri kwamba kutoka Kinshasa wataendelea kwa basi. Kati ya miji hii miwili kuna zaidi ya kilomita 1,500 hata kwa mstari ulionyooka, na barabara ya kumfikisha mgeni kwa siku mbili haipo. Saa nazo hazilingani: Kinshasa iko nyuma ya Lubumbashi kwa saa moja, jambo ambalo limewapotezea ndege watu waliokuwa makini kabisa. Hata kwenye safari ya ndani, pasipoti na viza vikae mfukoni, kwa maana ukaguzi upo tena anapotua Luano.

Kwa Kasumbalesa, mgeni afike asubuhi. Foleni ndefu ya malori ya shaba inatisha, lakini abiria wa gari dogo na wa miguu hawaifuati yote. Kwanza anagongewa muhuri wa kutoka upande wa Zambia, ndipo anapoingia upande wetu kwa watu wa afya, wa DGM na wa forodha. Asivuke kumfuata kijana anayembebea pasipoti, hata akiwa amevaa kizibao chenye maandishi. Aliye na gari lake awe na bima ya COMESA, ile kadi ya njano ya magari, na karatasi za kuliingiza gari kwa muda, na akumbuke kwamba Zambia huendesha kushoto na Kongo huendesha kulia. Hatua chache baada ya kizuizi, upande wa barabara umebadilika.

Kuhusu protokole, wale watu wa kusaidia wageni uwanjani, maoni yangu ni haya: kwa mzee, kwa mama mwenye watoto, au kwa mtu asiyejua Kifaransa wala Kiswahili, msaada wao ni mwema, ikiwa umepatana nao bei kabla ya ndege kutua. Lakini protokole hazai viza. Anayekuahidi kwamba mgeni aje hivi hivi na yeye atapanga mambo mlangoni, achana naye.

Kilio hakisubiri

Kuna safari ambayo hakuna anayeipanga. Baba amefariki usiku, mtoto wake yuko Paris na pasipoti ya Ufaransa, na familia inataka azike. Kwa hali kama hiyo kuna viza inayoitwa volant, ambayo DGM huidhinisha Kinshasa na mgeni huichukua mlangoni anapofika. Ni ya muda mfupi, na idhini yake lazima itangulie safari. Mwenyeji ndiye anayeiomba, akipeleka nakala ya pasipoti, barua ya dhamana, mpango wa ndege na karatasi ya kifo. Msimpandishe mtu ndege kwa sababu tu ombi limekwisha kupelekwa: bila nakala ya idhini yenye jina lake, shirika la ndege linaweza kumkataa huko anakotokea, nayo DGM inaweza kumrudisha kwa ndege ileile.

Wakati huohuo, mtoto huyo aende ubalozini yeye mwenyewe na karatasi ya kifo, aeleze kwa heshima, aombe ashughulikiwe haraka. Fanyeni njia zote mbili pamoja, na wazee wapange siku ya maziko baada ya kupata jibu. Najua kumweka marehemu siku zaidi ni gharama na ni uchungu, lakini nimeketi katika kilio ambamo mtoto alifika kesho yake, udongo ukiwa bado mbichi, na hakuna aliyejua la kumwambia.

Siku za kukaa, na kurudi

Mgeni akishafika, piga nakala ya ukurasa wa picha, wa viza na wa muhuri wa kuingia. Atembee na nakala, na pasipoti ikae nyumbani, isipokuwa anapotoka nje ya mji. Mpeleke amsalimie chef de quartier, yaani mkuu wa mtaa, au angalau umjulishe, ili akisikia kwamba kuna mgeni kwako asiwe amelisikia kwa jirani. Asipige picha za askari, za uwanja wa ndege, za madaraja wala za ofisi za serikali, na asiingie maeneo ya machimbo kwa udadisi tu, hata akiwa na rafiki anayefanya kazi humo, kama hana kibali. Siku zikikaribia kwisha na bado anataka kukaa, mwende pamoja DGM kuomba kuongezewa kabla ya tarehe ya mwisho. Siku moja iliyozidi hugeuka faini, na faini hulipwa kwa risiti.

Watoto wanaosafiri na mzazi mmoja au na shangazi wawe na cheti cha kuzaliwa na ruhusa ya maandishi ya mzazi mwingine, iliyothibitishwa. DGM huwatazama watoto kwa makini wanapotoka, hasa tangu mwaka 2013, ilipositisha vibali vya kutoka kwa watoto waliofanywa wana na familia za nje. Ukali huo unawalinda, ingawa unachosha.

Uwanjani siku ya kurudi kuna Go-Pass, ada iliyoanza mwaka 2009 na ambayo kwa miaka mingi imekuwa dola 50 kwa safari ya nje. Muulize wakala kama imo tayari ndani ya tiketi, na kama haimo, aweke kando noti safi, isiyochanika wala kuandikwa, kwa kuwa noti chakavu ya dola hapa haipokelewi. Akiwa amenunua mapambo ya malakiti, lile jiwe la kijani, sokoni, ayabebe pamoja na risiti. Mawe ghafi aliyoyaokota au kupewa na mchimbaji ayaache. Na kile kitabu cha njano asikizike chini ya sanduku linalokwenda tumboni mwa ndege, akidhani kazi yake imekwisha: anayetoka Kongo na kuingia Afrika Kusini huulizwa kitabu hicho akifika Johannesburg.